Huku wasema jab, kwetu ni chanjo

Msimu wangu wa kwanza wa baridi London, katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, msimamizi alinikuta ukumbini akaniuliza kama nimeshapata jab yangu. Mimi jab nilikuwa naijua ya ndondi tu, lile konde fupi la mkono wa mbele. Nilisimama na trei ya chai mkononi, sijui nijibu nini. Aliponiona nimeduwaa akajigusa begani kwa kidole. Sindano. Ya mafua, ile wanayopewa wafanyakazi na wazee kila mwaka kabla baridi haijakolea.

Nikadungwa, na jioni nikampigia simu mamangu, Kibokoni, Mombasa. Nikamwambia leo nimedungwa sindano, mkono wauma kidogo. Akanyamaza. Kisha: "Waumwa nini, mwanangu, na mbona hukutwambia?" Kwake yeye sindano ni ya mgonjwa: malaria iliyokataa vidonge, homa ya usiku wa manane. Niliposema, "Ni chanjo, mama," ndipo akashusha pumzi, ingawa bado aliuliza, "Chanjo na ukubwa huo? Kwani waenda hija?" Kwa maana Mombasa mtu mzima huchanjwa akienda Makka, chanjo ya homa ya uti wa mgongo, au mwanamke akiwa mjamzito, ile ya pepopunda. Zilizobaki twaziona ni za watoto.

Nimekaa na maneno haya miaka kadhaa sasa, na msimamo wangu ni kwamba utaratibu wa Waingereza umeushinda wetu, lakini neno letu limelishinda lao.

Jab asili yake ni kudunga au kusukuma ghafla kwa kitu chenye ncha. Waskoti wao husema jag. Wamarekani husema shot, neno lile lile la kupiga risasi. Yote matatu yanakuambia mkono utapatwa na nini, na hakuna hata moja linalokuambia ni kwa ajili gani. Wakati wa korona magazeti ya huku yalilishika jab kwelikweli, kwa kuwa lina herufi tatu na halijazi kichwa cha habari. Neno lao rasmi, vaccine, limetoka kwenye neno la Kilatini la ng'ombe, kwani mwaka 1796 daktari Edward Jenner alichukua majimaji ya ndui ya ng'ombe kwenye mkono wa msichana mkamuaji maziwa akampandikiza mtoto wa miaka 8 ili kumkinga na ndui. Alimpandikiza kwa kumchanja ngozi ya mkono. Waingereza wakabaki na ng'ombe, sisi tukabaki na mchanjo. Na wazee wetu kuchanjwa walikuwa wakikujua zamani: mtu alichanjwa chale, akapakwa dawa, ili baya lisimfike. Kinga imo ndani ya neno tangu mwanzo.

Jirani yangu hapa ni Mbarawa, mtu wa mji wa Barawa, mama mtu mzima aliyekimbia vita Somalia akaishi kambini Mombasa kabla ya kuja huku. Kiswahili chake ni cha Mombasa, Kiingereza chake ni cha dukani. Juu ya mkono ana kovu la mviringo lililobonyea, kama alama ya kidole kwenye donge la unga. Kovu la chanjo ya ndui. Anakumbuka alivyodungwadungwa kwa sindano ya ncha mbili mfano wa uma mdogo. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Oktoba 1977, na Merka iko pwani ile ile ya kwao. Mama huyu haogopi chanjo hata chembe.

Lakini mwaka juzi alikosa ya mafua, na sababu ni neno. Zahanati yake ilimletea ujumbe wa simu kwamba aje apate jab. Wajukuu walikuwa shule. Akatafuta kwenye kamusi ya simu, ikamtolea "ngumi". Akaufuta, akidhani ni matapeli. Januari mafua yakamshukia kifuani, akalazwa siku 9. Siwezi kuapa kwamba chanjo ingemwepusha, ila najua angekwenda.

Limeniuma hili kwa sababu ule ujumbe ni kitu kizuri. Kwetu nani akukumbushe? Mama hubeba kitabu cha kliniki ndani ya mfuko wa plastiki, alfajiri yuko foleni, saa tano aambiwa dozi zimekwisha, arudi wiki ijayo. Hata hivyo mama huyo atakwambia mwanawe amebakisha surua. Anautaja ugonjwa. Huku mzazi huambiwa mtoto aje kwa jabs za mwaka mmoja, basi, na wengi hawaulizi ni za nini. Tena chanjo ya mafua ya watoto wa shule hapa kwa kawaida hupuliziwa puani, bila kudungwa, kwa hiyo jab lenyewe halitoshi. Chanjo latosha: matone ya polio mdomoni ni chanjo, na hakuna mtu Mombasa aliyewahi kuyashangaa.

Ndiyo maana ndugu zangu wakiandika kwenye makundi ya WhatsApp "nimepata jab", huwa nawajibu, na najua nawachosha. Andikeni chanjo, na mutaje ni ya nini. Na mkimpeleka mzee, msimwambie anakwenda kudungwa sindano, atajiuliza ana ugonjwa gani mnaomficha.

Msimu huu ujumbe ulipomfikia jirani yangu, alinigongea mlango na simu mkononi. Nikachukua kalamu nikamwandikia kwenye kalenda ya jikoni kwake: Jumanne, saa nne na nusu, chanjo ya mafua. Akasoma polepole kwa sauti, akauliza ni mkono gani, na Jumanne nilipompitia alikuwa ameshavua bangili za mkono wa kushoto.