Korongo la Wanavajo, lione wakati wa baridi

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, au mnaopanga kuja kutembea, kama mna siku moja tu ya kuona makorongo ya Arizona, itumieni kwa Canyon de Chelly, na muende Januari. Najua wengi hungoja kiangazi. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa haihusu uchache wa watalii, ingawa huo nao ni neema. Mkasa mzito uliolikumba korongo hili ulitokea majira ya baridi, na baridi yenyewe ilitumika kama silaha. Ukienda Julai umevaa kaptura, utasimuliwa tu. Nenda vidole vikiuma ndani ya glavu.

Korongo liko jirani na mji mdogo wa Chinle, ndani ya ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani ambao wenyewe hujiita Diné. Ardhi yao imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, na ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha. Pale unapoingilia, kuta za mawe mekundu hazizidi kimo cha nyumba. Kadiri unavyosonga mbele zinapanda, mpaka zinapita mita 300, nawe uko chini mchangani, jua likikufikia kwa muda mfupi tu wa mchana.

Mgeni hashuki na gari humo bila Mnavajo wa kumwongoza. Wetu alikuwa mama wa makamo ambaye familia yake ina shamba humo chini. Kabla hajawasha gari alijitambulisha kwa koo zake, ukoo wa mama kwanza, kisha wa baba, halafu akatuuliza sisi ni watu wa wapi na wa nani. Nilifurahi mno. Tangu nihamie nchi hii sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyetaka kweli kusikia jibu.

Njia ni mto wenyewe. Maji ni machache, ila asubuhi ile yalikuwa yameganda juu, na barafu nyembamba ilikatika chini ya matairi kwa mlio mkali. Penye kivuko alisimamisha gari, akashuka na fimbo, akagonga barafu, akatazama rangi ya mchanga wa pembeni, maana humu kuna mchanga unaomeza gari. Mabanda na nyumba za wenyeji tulizopita zilikuwa zimefungwa. Familia nyingi hulima humo kiangazi, mahindi, maboga na matikiti, kisha baridi ikiingia huhamia juu, ukingoni.

Magofu ya White House, waliyojenga Wapueblo wa kale, watu waliokaa humo kabla ya Wanavajo, karibu miaka 1,000 iliyopita, tuliyatazama kwa mbali. Wanavajo hawapendi kusogelea makazi ya wafu. Mama hakunyoosha hata kidole. Alituelekeza kwa kuchongoa midomo, kama wafanyavyo bibi zetu.

Alichotaka tukione ni mwamba. Fortress Rock umesimama peke yake upande wa Canyon del Muerto, tawi la korongo hili, wima kila upande. Mwaka 1863 Jenerali James Carleton wa jeshi la Marekani alimtuma kamanda wake Kit Carson kuwavunja nguvu Wanavajo. Askari walichoma mashamba ya mahindi, wakaua kondoo, wakaiachia njaa na theluji kazi iliyobaki. Januari 1864 wakaingia korongoni. Kwa simulizi za Wanavajo, watu wapatao 300, watoto na wazee wakiwemo, walikuwa wamekwea mwamba huo na kuvuta ngazi zao juu. Maji yalipokwisha, usiku walijipanga ukutani kuanzia juu hadi chini, wakapokezana vibuyu kimyakimya, huku askari wamelala kando ya kijito. Niliutazama ukuta ule nikiwa na koti, kofia na soksi mbilimbili, na bado nilikuwa natetemeka.

Wengi walijisalimisha kwa njaa. Maelfu walitembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 480 hadi Bosque Redondo, New Mexico, eneo walikozuiliwa na jeshi, na mamia wakafia njiani. Kiangazi cha 1864 askari walirudi kukata mipichi ya korongoni, miti kwa maelfu. Nani anapigana na mti wa matunda kama hakusudii kuhakikisha mwenyewe harudi? Lakini walirudi. Mkataba wa Juni 1868, ambao Barboncito, mzaliwa wa korongo hili, alikuwa msemaji mkuu wa upande wao, uliwaruhusu kurejea kwao, na mipichi ikapandwa tena.

Ndiyo maana watalii wanaolalamika kwamba kulipia mwongozaji ni usumbufu sina subira nao. Mwaka 1931 serikali ya Marekani ilipoliweka korongo chini ya hifadhi, ardhi ilibaki mali ya Wanavajo, na wakulima hawakuondolewa. Magofu yanalindwa, kondoo wanalishwa, mgeni anapokewa na mwenye nyumba. Mimi ni Mtanzania; nilipokuwa nikisikiliza hayo nilikuwa nawaza Ngorongoro, hifadhi iliyoundwa 1959 kwa ahadi kwamba Wamaasai wataishi humo pamoja na wanyama, na familia ambazo tangu 2022 zimekuwa zikihamishiwa Msomera, mkoani Tanga. Wanaosema hifadhi na wakazi haviwezi kukaa pamoja waje Chinle.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua baridi. Kwa Diné, hadithi za Mbweha na michezo ya uzi ni za majira haya tu, nyoka na buibui wakiwa wamelala. Wakati wa chakula mama alitoa uzi mfukoni, akausokota vidoleni, mara nyota, mara nyumba, akisema aliyewafundisha ni Mwanamke Buibui wa simulizi zao, anayekaa juu ya Spider Rock, nguzo ndefu ya mwamba iliyosimama humo korongoni. Kiangazi asingeutoa.

Mkipanga safari, pigeni simu siku moja kabla, kwa sababu theluji au barafu ikizidi magari hayashuki. Hapo mtabaki na barabara za ukingoni, ambazo hazina kiingilio, na Spider Rock unaonekana vizuri kutoka huko. Nyumba na watu msiwapige picha bila ruhusa. Na bebeni pesa taslimu: wachoraji na wasonara wa Kinavajo huuza kazi zao penye vituo vya kutazamia hata siku za baridi, na wanunuzi msimu huo ni wachache.