Mtu wa Mvita Kapwelewa Tena

Mke wangu husema siku nikifa nitawaachia watu ratiba ya matanga, na kahawa itamiminwa saa 4:10 kamili. Hasemi uongo sana. Kazi yangu ni kupanga zamu: nani aingie, nani atoke, nani ale saa ngapi. Miaka 17 nimeifanya, na ugonjwa huo nimeuleta mpaka nyumbani.

Basi tulipoamua kutoka kwetu Mombasa kwenda Lamu, Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi, hakuna aliyeuliza nani atapanga. Tulikuwa wanne: mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka 9, na shangazi yangu, ambaye umri wake ni sabini na ushei na hajapata kuvuka hata kwenda Likoni bila kapu la chakula.

Nilisoma wiki mbili nzima. Nikajua kwamba mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwamba Ngome ilimalizwa kujengwa 1821 na ikawa jela mpaka 1984, kwamba kwenye makumbusho ya pale ufuoni kuna siwa, yaani baragumu kubwa, la pembe za ndovu lililotoka kisiwa cha Pate. Yote nikayaingiza katika ratiba yenye safu nne: saa, mahali, shughuli, na muda wa kushangaa. Naam, safu ya kushangaa. Siwa nililitengea dakika 12. Milango ya nakshi, kwa kuwa ni mingi, dakika 25 kwa jumla, ikifika zamu yake tuishangae yote kwa mpigo.

Nilijisifu hasa kwa kuchagua tarehe. Nilitafuta mwezi mpevu. Nikamwambia mama watoto: "Utaona mbalamwezi juu ya maji, nyumba nyeupe zote ziking'aa." Akaniangalia kama zamani zile za uchumba. Ratiba ikaenda kuchapwa Mwembe Tayari, nakala nne, zikatiwa plastiki ngumu zisilowe.

Usiku ule nikaipeleka barazani kwetu Kibokoni, ionwe na watu. Walioiona wakaisifu, ila mzee mmoja, mvuvi wa zamani, aliishika mbali na macho, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimesahaulika huko.

"Na maji, umeyaangalia?"

"Nimeyaangalia, mzee. Tunabeba chupa kumi za lita moja moja."

Akanyamaza. Akaomba kahawa nyingine. Mimi nikadhani nimemjibu.

Ya njiani sitayarefusha. Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, mahali pa kushuka tukaguliwe, mahali pa kupanda tena, mgongo ukaanza kulalamika mapema. Mokowe tukaingia kwenye boti, na shangazi akauliza kwa nini bahari ya Lamu haina feri, akajibiwa kwamba haina magari ya kuvusha. Punda wa kwanza tulikutana naye kwenye kichochoro, amebeba mchanga, na ni sisi tuliobanana ukutani kumpisha. Ratiba ilikuwa mbele ya wakati kwa dakika 4. Niliitangaza habari hiyo. Hakuna aliyepiga makofi.

Lakini usiku! Mwezi ulipanda ng'ambo ya Manda mkubwa kama sinia la pilau. Mama watoto akasema, "Huu umeupatia, baba." Shangazi akasema "Mashallah" mara tatu. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeupandisha mwenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi zamu ilikuwa ya Takwa. Takwa ni magofu ya mji uliohamwa karne ya 17, kule Kisiwa cha Manda; unafika kwa kuingia mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko. Nahodha tuliyemkodi alikuwa kijana mpole, kikoi kiunoni, mswaki mdomoni. Nilimwonyesha ratiba: saa 1:00 kuondoka, saa 1:50 kufika, saa 2:45 kurudi.

Akaisoma. "Kaka, twendeni alasiri. Asubuhi hii maji yatoka. Alasiri yatakuwa yamejaa, nitawaingiza mpaka mlangoni."

"Alasiri tuko Ngome," nikasema. Nikamwekea kidole hapo, juu ya plastiki.

Akatazama kidole, akatazama bahari, akatazama kidole tena. "Haya. Ratiba yako. Bahari si yangu."

Sasa nisikilizeni. Mimi nimezaliwa kisiwani. Kila siku ya Mungu navuka Likoni, na naona kwa macho yangu siku maji yakipwa vile magari yanavyopanda mteremko wa feri yakilia kama mbuzi. Tena hulalamika kwa sauti: "Leo maji yamepwa sana!" Lakini mtu kuona kitu kila siku, na mtu kukitia kwenye ratiba, kumbe ni mambo mawili.

Tuliingia vizuri, ila mwishoni mashua ilikwaruza na nahodha akashika pondo, ule mti wa kusukumia. Takwa penyewe ni pazuri kwa namna ya kutisha: mibuyu, kimya, msikiti mkubwa usio na paa wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Mpaka leo watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, huja pale kuomba dua ya mvua. Shangazi akasoma Fatiha kwa walolala pale, polepole, herufi kwa herufi, na mimi nyuma yake nikiangalia saa. Nahodha alipiga mbinja kutoka kwenye mashua. Nikamwonyesha vidole vitano, maana yake dakika tano za kushangaa bado tunazo.

Tuliondoka saa 2:45 juu ya alama. Nakumbuka nilisema, "Mmeona?"

Hatukwenda mbali. Mashua ilitoa sauti kama mtu anayeketi kwenye kiti cha kamba, ikasimama. Nahodha akasukuma pondo, pondo likazama tope na kubaki huko. Akapiga kelele tuhamie nyuma ili omo, yaani mbele ya mashua, inyanyuke, akamgeukia kijana wangu aliyekuwa mbele kabisa: "Ndoo! Ndoo, kijana! Ndoo!"

Mtoto wa shule huyo, Kiswahili chake cha vitabuni. Akatafuta chini ya benchi, akapata ndoo ya kukumbia maji, akamrushia. Ikampata kifuani.

"Nasema ndoo huku!"

"Si hiyo ushaipata?" mtoto akajibu, karibu kulia.

Shangazi alicheka mpaka ushungi ukamtoka: kwa Kiamu, ndoo ni njoo. Nahodha naye akacheka, akaketi, na alipoketi nikajua mambo yamekwisha: tumepwelewa, maji yametuacha.

Nikakunja suruali nishuke nisukume. Mke wangu alisema "Usishuke." Nahodha alisema "Kaka, usishuke." Nikashuka. Tope la mikoko halikupokei, linakumeza. Mguu wa kulia ulikwenda mpaka gotini, nikauweka wa kushoto kuutafuta wa kulia, nao ukaenda. Nilisimama hapo kama nguzo ya msikiti, nimeshika ubavu wa mashua ambayo nayo sasa ilikuwa imelala upande. Makubadhi niliyonunua jana yake kwa bei ya kubembelezana, moja liko Takwa mpaka leo. Watakaolichimbua baadaye watalipangia karne wanayotaka.

"Tutatoka lini?" nikauliza, bado niko tini huko.

"Yakirudi," nahodha akasema. "Bado yatoka mpaka saa nne na kitu. Halafu yaanze kuingia. Labda saa sita."

"Kwani kila siku hukauka hivi?"

"La. Leo ni bamvua. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, maji hujaa sana na hupwa sana. Siku za maji mafu hapa mungepita salama." Akatoa mswaki mdomoni. "Mwezi wenu wa jana ndio uliowanywea maji."

Mama watoto aligeuza kichwa polepole akanitazama. Mtazamo huo haukuwa wa uchumba.

Kwa hiyo tulikaa. Mkono wa bahari ulikauka mbele yetu kama sufuria jikoni, mpaka kaa wakatoka na kupunga magando. Mbu walituona. Shangazi alitandika leso kwenye benchi lililoinama, akajizuia na mguu mmoja, akafungua kapu: viazi karai, kachiri, mahamri, chupa ya chai, na ukwaju kwenye kopo la siagi. Chakula ambacho nilikuwa nimekikataza kwa maandishi, kwa sababu saa 3:30 ratiba ilitoa staftahi mjini.

Ndipo akatokea bwana mmoja anatembea kwa miguu pale pale ambapo sisi tulikusudia kupita kwa mashua. Mkononi fimbo ya chuma yenye ndoana, begani kikapu cha kaa. Akatutolea salamu, akaizunguka mashua, akanizunguka na mimi.

"Watu wa wapi?"

"Mombasa," nikasema.

Akajishika mdomo. "Nyinyi tena!"

Akacheka mpaka akautafuta mkoko wa kuushikilia. Nahodha, aliyekuwa amejizuia kwa adabu tangu asubuhi, akamfuata. Ilibidi shangazi amweleze mtoto, maana mtoto aliuliza: zaidi ya miaka 200 iliyopita, watu wa Mvita, yaani Mombasa yetu, na watu wa Pate walikuja na vyombo kuipiga Lamu, wakateremka Shela, wakapigwa, wakakimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani. Maji yalikuwa yametoka.

"Hawakuwa na ratiba?" mtoto akauliza.

"Walikuwa nayo, mjukuu wangu. Bila shaka walikuwa nayo."

Kisha akamgeukia yule mvuvi wa kaa, kiazi mkononi. "Safari hii hatukuja na mapanga, tumekuja na viazi. Waja kula au wabakia kutucheka?"

Akaja. Walikula pamoja, na kabla ya saa tano shangazi alikuwa ameshagundua kwamba bibi mzaa mama wa bwana yule aliolewa Mombasa, mtaa wa pili na kwetu, na kwamba kuna ngalawa ya mtu fulani iliyoleta ugomvi wa urithi ambao, kwa maoni yake, haukuamuliwa haki. Mimi nilikuwa nimetolewa topeni kwa kuvutwa na watu watatu, nimeketi na mguu mmoja peku, napunga mbu kwa ratiba. Plastiki ngumu inafaa sana kwa kazi hiyo. Habari za haja ndogo sizielezi. Mikoko ni mingi.

Maji yalirudi kama yalivyoondoka, bila kumwomba mtu ruhusa. Saa sita kasoro kidogo mashua ilijiinua yenyewe, na nahodha, aliyekuwa amelala fofofo, akaamka kabla hatujamwita.

Tulifika mjini tumekaukiana tope. Nilisema tuoge upesi tuiwahi Ngome. Nikajilaza dakika tano, na nilipofumbua macho adhana ya magharibi ilikuwa inasomwa. Ngome sikuiona ndani. Siwa sikuliona, na dakika zake 12 zikaenda bure. Shangazi yeye hakuwapo: alikuwa amekwenda kwa yule mvuvi wa kaa kula mkate wa mofa, akamchukua na mtoto, akarudi saa nne ya usiku kwenye mbalamwezi ile ile, amepanda punda, akimwelekeza mwenye punda njia ya kupita.

Jumatatu jioni nikaenda barazani. Sikuwa nimemwambia mtu kitu, lakini habari za Mombasa hazipandi basi, zilikuwa zimefika zamani. Kila mtu alikuwa anaangalia kahawa yake kwa makini yasiyo ya kawaida. Yule mzee mvuvi akanisogezea nafasi, nikaketi.

"Maji yalitosha?" akauliza.

Nikamwambia yalitosha. Chupa nne tulirudi nazo.