Mshahara uleule wa daktari mpya, Dar au Dodoma: hesabu inakaaje?

Kila majina ya ajira za afya yakitoka ubishi ni uleule, daktari aliyemaliza intanshipu (mafunzo ya kazi hospitalini) juzi bora apangiwe Dar au Dodoma, na majibu mnayajua, huyu anasema Dodoma maisha rahisi nenda kajenge, yule anasema Dar ndo kwenye hela. Mimi naona wote wanahesabu shilingi tu na kuacha masaa, na kwa daktari masaa ndo kila kitu.

Tuanze na shilingi basi. Daktari wa hospitali za Dar kama Temeke, Amana au Mwananyamala na wa General, hospitali ya mkoa ya Dodoma, wakiajiriwa serikalini siku moja wanaingia ngazi moja ya mshahara, serikali haiangalii unaishi mji gani. Tuchukue milioni 1.5 ghafi, sisemi ndo ngazi yenyewe, ni namba ya kupigia hesabu. PSSSF, mfuko wa pensheni, 5% inaondoka 75,000, NHIF, bima ya afya, 3% ni 45,000, PAYE, kodi ya mshahara, ukishatoa ya PSSSF inakuja 255,500, halafu Bodi ya Mikopo wanakata 15%, yaani 225,000. Jumla 600,500, mkononi inafika 899,500. Mwenzake aliyesomeshwa na wazazi anabaki na 1,124,500, kazi ileile, wodi ileile. Kwa hiyo kabla hata hujauliza Dar au Dodoma uliza kwanza kama ana mkopo, maana hiyo laki mbili na ushee kila mwezi mara nyingi inazidi tofauti ya kodi ya nyumba kati ya miji hii miwili. Na MD, digrii ya udaktari, ni miaka mitano, deni lake sio la kumaliza leo wala kesho, afadhali tangu 2021 ile 6% ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa.

Sasa kodi. Dar ukitaka chumba na sebule choo ndani maeneo ya Sinza au Kijitonyama ili uwe karibu na Mwananyamala, jiandae na laki mbili na nusu, laki tatu, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Kwa laki tatu hiyo ni milioni 2.1 kabla hujanunua hata godoro, na wewe ni ajira mpya, mshahara wa kwanza bado unasubiri cheki namba (namba yako ya utumishi) na hela ya kujikimu ya mwajiriwa mpya haijulikani itatoka lini. Wengi hawana hiyo hela, so wanaenda Chanika, Mbagala ndani ndani, Goba, Kibamba, huko laki na ishirini unapata. Watu wanasema si basi tatizo limeisha, nauli ya daladala toka Desemba 2023 ni 600 kwa kilomita kumi za mwanzo, utalipa nauli mbili tatu fresh tu. Hapana. Zamu ya usiku inaisha asubuhi, unakabidhi wagonjwa, unasubiri bosi apite raundi, unatoka saa nne umechoka kabisa, unakaa kwenye foleni mpaka Gongo la Mboto, unaunganisha Chanika, unafika mchana, jua kali bati limechemka, utalala saa ngapi? Na ukiwa onkoli, yaani zamu ya kuitwa ukiwa nyumbani, ukapigiwa saa nane usiku kuna mama anatokwa damu baada ya kujifungua, kutoka Chanika mpaka Amana ni mbali kwa mgonjwa wa namna hiyo, hata boda awe anakusubiri mlangoni.

Dodoma hapo inashinda na sioni cha kubishana. Ukikaa mjini au Area C au Nkuhungu unafika General kwa boda muda mfupi, ukiwa hospitali ya Benjamin Mkapa unapanga Ng'ong'ona. Unarudi unalala. Ila tusidanganyane kuhusu urahisi wa maisha, Dodoma ya leo sio ile ya kabla ya 2016 serikali haijahamia, wizara zimekuja na watumishi wake na wenye nyumba wa Ilazo na Kisasa wanajua kabisa wanampangisha nani. Maji ya mgao utayakuta, samaki mbichi sahau, na kama familia iko Dar kila msiba kila harusi ni safari. Treni ya SGR imesaidia, toka katikati ya 2024 unafika chini ya masaa manne, lakini kwenda na kurudi bado ni hela inayotoka mfukoni.

Halafu kuna hoja ya shifti za pembeni, hii ndo hoja kubwa ya watu wa Dar na ni ya kweli. Dar kila mtaa una zahanati na polikliniki binafsi zinazotafuta daktari wa jioni au wa wikiendi. Dodoma zipo ila chache, na mnazigombania. Kwa hiyo daktari wa Dar mwisho wa mwezi anaweza kuwa na hela nyingi kuliko wa Dodoma, hilo nakubali. Lakini hizo hela zinatoka wapi? Ametoka hospitali saa tisa, saa kumi na moja yuko zahanati mpaka saa nne usiku, kesho saa moja na nusu yuko kwenye ripoti. Huwezi kuweka hiyo kwenye safu ya mshahara ukasema Dar inalipa. Hayo ni masaa mengine ameuza, na anayelipia ni yeye na mgonjwa wa kitanda cha kumi na tano anayeandikiwa dozi na mtu ambaye hajalala vizuri tangu Jumapili. Mtu akisema kijana avumilie, sisi wote tulipita huko, mimi nauliza na wagonjwa nao walipita wapi.

Je basi wa Dar aongezewe mshahara kwa sababu mji ni ghali? Moyo wangu unasema ndio, akili inakataa. Leo tu bila nyongeza yoyote watu wanahangaika kuhama Katavi na Kigoma kuja Dar, ukiweka na hela juu yake nani atabaki kule? Mama wa Mpanda naye anahitaji wa kumpasua usiku. Ngazi moja nchi nzima ina haki yake hapo. Lakini pia ngazi moja ikisimama peke yake inamwambia daktari wa Temeke jitafutie, na ndivyo anavyofanya. Kwenye mgomo wa madaktari wa 2012 namba iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya kudai mshahara wa kuanzia upande kutoka 957,700 kwenda milioni 3.5, tukasahau kwamba nyumba nayo ilikuwa kwenye madai. Mimi ningeanzia hapo kwenye nyumba. Hospitali ya mkoa iwe na vyumba vya kutosha vya madaktari wapya ndani ya uzio au mtaa wa pili, kodi ikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara badala ya miezi sita mbele, Dar ianze maana ndo kwenye umbali, na posho ya kuitwa kazini isitegemee kama mwezi huu hospitali imekusanya vizuri au vibaya. Hiyo haimvuti mtu kukimbia Katavi, inamrudishia wa Dar usingizi wake.

Kwa leo, anayesubiri kupangiwa, kama mzazi wako ana nyumba Dar na chumba chako bado kipo, baki, kodi haikuhusu na hesabu yote niliyopiga juu inageuka, hasa kama unataka kurudi MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, kusoma ubingwa na unataka kuwa karibu na mabosi. Kama una mkopo na huna ndugu wa kukupokea, omba Dodoma, na hela ya pango anza kuitafuta ukiwa bado intanshipu.