Damu Ilisema Tuliyoyaficha

Ramadhani ya mwaka 2020 ilitukuta Mji wa Kale, Mombasa, tumefungiwa kwa sababu ya korona. Tarehe 6 Mei serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka, vizuizi vikawekwa kwenye njia tulizozoea kupita kwenda Marikiti. Alasiri, kaimati zikiwa bado karaini, tulisikiliza Wizara ya Afya ikisoma hesabu za wagonjwa wa siku: Nairobi wangapi, Mombasa wangapi.

Siku hizo jirani yetu mmoja alipoteza uwezo wa kunusa. Pilau ya futari ilikuwa mbele yake na hakusikia hata harufu ya bizari. Mkewe akamchemshia tangawizi na ndimu, akamtenga chumba cha juu, na kila aliyebisha hodi akaambiwa mzee ana mafua. Majirani tulijua. Hatukusema, na mimi ni mmoja wao.

Simlaumu mama yule. Wiki chache kabla, aliyepelekwa karantini ya lazima alidaiwa pesa za kulala na kula, wakati nyumba nyingi hapa hazikuwa na kipato tangu watalii waondoke. Kukutwa na virusi kulimaanisha ambulensi mlangoni, watu waliojifunika mavazi meupe gubigubi, na nyumba yenu kuzungumzwa kila baraza. Timu za kupima zilipokuja mtaani, wengi walifunga milango. Tukaitwa wakaidi. Neno hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu watu wale wale walikuwa tayari kumwangalia mgonjwa wao usiku kucha. Walichokiogopa ni kile kilichofuata baada ya jibu.

Wakati huo huo, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, kule Kilifi walikuwa wakifanya hesabu ya namna nyingine. Walichukua sampuli zaidi ya 3,000 za damu iliyotolewa na wachangia damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, kupitia vituo vya Mombasa, Nairobi, Kisumu na Eldoret, wakatafuta kingamwili za korona, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza baada ya kuambukizwa. Makadirio yao ya walio na kingamwili nchi nzima yalikuwa asilimia 4.3. Mombasa ilikuwa juu ya wote: asilimia 8. Katikati ya Juni, Kenya yote ilikuwa imethibitisha wagonjwa wapatao 4,000 tu. Mombasa peke yake, yenye watu zaidi ya milioni moja kwa sensa ya 2019, asilimia 8 ni makumi ya maelfu.

Nilipoyasoma matokeo hayo nilimkumbuka jirani yetu. Mtu aliyenyoosha mkono kutoa damu alikuwa amekuja kumsaidia mzazi anayejifungua au majeruhi wa ajali. Hakuna aliyemshuku, hakuna aliyemfuata nyumbani. Ndiyo maana damu yake ilisema yale ambayo sisi tuliyafungia ndani.

Najua njia hii haitoshi. Kingamwili hueleza yaliyopita. Haziwezi kukwambia nani anaumwa leo. Wazee na watoto wadogo hawatoi damu, na wazee ndio korona iliowaelemea zaidi. Kwa hiyo kupima wagonjwa hakuepukiki, na hapo ndipo ninaposhikilia maoni yangu: anayekubali kupimwa apewe chakula cha nyumba yake na siri yake ilindwe kabla hajapewa amri yoyote. Ukimtoza mtu kwa kuugua, umeharibu hesabu yako mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona Mei 2023, na hesabu za kila siku zimekoma. Sioni sababu ya kuachana na damu. Mji huu umepigwa na homa ya denge, ukapigwa na chikungunya, zote za kuletwa na mbu, mwishoni mwa 2017 hadi 2018, watu wakatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Sampuli za wachangia damu zingepimwa kila msimu wa mvua, tungejua mapema, na hakuna ambaye angelazimika kujificha.

Na majibu yaturudie. Mhudumu wa afya ya jamii hupita kwetu na simu yake, akamwuliza mama kikohozi, homa, vyandarua, akaandika. Juzi mama alimshika mkono kwa upole. "Mwanangu, haya unayoyaandika huenda wapi?"

Binti yule alinyamaza kidogo, akasema hutuma juu, na tangu aanze kazi hajarudishiwa chochote cha kutusomea.