Paulo naye alikata rufaa

Mwandishi, unasema Paulo katika Warumi 13 anamtaka Mkristo atii mamlaka, basi. Lakini Paulo huyohuyo, alipokaribia kuchapwa mijeledi pale Yerusalemu, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi kabla hajahukumiwa (Matendo 22:25). Baadaye akakata rufaa kwa Kaisari! Mtu wa kuinamisha kichwa tu huyo?

Mimi Mmoraviani wa Rungwe, nauza viazi mjini Mbeya. Ushuru nalipa, risiti nadai. Nikiambiwa "kitabu kimeisha mama", nasubiri kiletwe, na sioni dhambi hapo. Kanisani kwetu serikali tunaiombea kila Jumapili, amina. Ila mkutano wa mtaa wa kusomewa mapato na matumizi, waumini wenzangu siwaoni.