Kondoo Aliyerudi Kupitia Chemba

Nyumba niliyopanga Magomeni ina wapangaji sita, bomba moja la majitaka na chemba moja, iliyo hatua tatu tu kutoka mlangoni kwa mama mwenye nyumba. Hilo la mwisho naomba mlikumbuke.

Eid el-Hajj mama alichinja. Wenzangu wote waligawiwa mbuzi. Mimi, kwa kuwa ni kapera na mbavu zangu zinahesabika, akaniita pembeni: "Mwanangu, wewe nimekuwekea kondoo. Mkia nao umo humo, upate shahamu." Kwa wasiomjua, kondoo wa Kimasai akiba yake ya mafuta huiweka mkiani, na mkia ule ulikuwa mnene kama mto wa kulalia.

Nikaukatakata pamoja na nyama, nikabandika sufuria kwenye gesi. Nilidhani nakaanga, kumbe mzigo ulikuwa unajikaanga wenyewe. Baada ya nusu saa vipande vilikuwa vinaogelea. Nikala, nikashiba, nikalamba vidole, kisha nikabaki tunatazamana na sufuria iliyojaa mafuta hadi nusu.

Mama yangu mzazi alinilea na sheria moja ya jikoni: mafuta yaliyotumika hayamwagwi ovyo, yanatiwa kwenye kidumu. Kidumu sikuwa nacho. Nilikuwa na chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Nikaishika shingo, nikamimina, mafuta bado yanafuka. Ingepasuka ningeielewa. Haikupasuka. Ilianza kulegea kiunoni, ikainama mbele yangu taratibu, kwa heshima zote, kama mtu anayewaamkia wakwe, kisha ikamwaga kila ilichokuwa nacho mezani, kwenye kandambili na sakafuni. Miguu ilinusurika kwa sababu niliruka. Tatizo la kuruka ni kwamba lazima urudi chini, na marumaru yenye mafuta haina undugu na mtu. Nilitua kwa kiungo ambacho siku tatu zilizofuata nilikikalia kwa tahadhari.

Nikiwa bado pale chini nikaamua: yaliyobaki kwenye sufuria, sinki litajua lenyewe. Nikang'oa kichujio ili yasihangaike njiani, nikamimina yote, nikafungulia maji ya baridi yayasindikize. Yakateremka kwa adabu kabisa.

Siku mbili kimya. Ya tatu sinki likaanza kukoroma. Ya nne maji yakagoma kushuka, na punje za wali wa juzi zikawa zinaelea kama mitumbwi ya Feri. Nikachemsha mabirika mawili, nikamwaga yote yanatokota. Likazibuka! Nikajipigia makofi, mtu mzima, peke yangu jikoni. Sikujua kuwa maji ya moto hayayaui mafuta, yanayahamisha tu. Yalitoka kwangu, yakapita chini ya vyumba vya wenzangu, yakafika chembani yamepoa na kuchoka, yakalala.

Asubuhi ya siku ya sita niliamshwa na kunguru. Kunguru Dar si habari, lakini wale walikuwa na kikao. Walijipanga ukutani, kwenye mabati, kwenye kamba ya nguo, macho yote kwenye mfuniko wa chemba, ambao ulikuwa umeinuliwa na maji ya kijivu. Na tuseme ukweli, palinukia. Mpangaji wa chumba cha nne alikiri kwamba amepata njaa.

Fundi bomba akaja, akavua shati, akazamisha waya. "Nani anamwaga mafuta humu?" Tukatazamana. Mimi ndiye niliyetikisa kichwa kwa masikitiko kuliko wote. Nikasema, tena kwa sauti, kwamba watu wengine hawana ustaarabu.

Fundi akavuta. Likatoka dude jeupe, la mviringo, refu kama kutoka kiwikoni hadi vidoleni, limelichukua umbo la bomba hata alama ya kiungio ilionekana. Akaligonga kwa mpini wa bisibisi. Likalia *ko*.

Mama mwenye nyumba akasogea. Akainama, akanusa.

"Huyu si ng'ombe. Wala si mbuzi." Akainua uso, akawapitia wapangaji mmoja mmoja, watano wote, akanifikia mimi. "Huyu ni kondoo wangu."

Nilitaka kusema kitu kuhusu ushahidi, lakini ushahidi ulikuwa umelazwa pale juu ya gunia.

Fundi alinitoza elfu arobaini, mhadhara akanipa bure. Shahamu ya kondoo ikipoa ni mshumaa, akasema. Ungeiacha igande humohumo kwenye sufuria, ukaikwangua, ukaifunga kwenye gazeti, ukatupa na taka. Sufuria unaifuta kwa karatasi kwanza, ndipo uioshe. "Wamasai wanampa mzazi anywe apate nguvu," akamalizia huku akivaa shati. "Wewe umelinywesha bomba."

Usiku nikatafuta faraja kwenye simu, na nikaipata. London, mwaka 2017, chini ya eneo la Whitechapel, lilikutwa bonge la mafuta yaliyoshikamana na vitambaa vya kujifutia, urefu mita 250, uzito tani 130. Mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa Museum of London, watu wakaenda kukitazama. Langu nalo lilipata heshima hiyo: mama alilitia kwenye ndoo tupu ya rangi, akaliweka mlangoni kwake siku mbili, na kila aliyekuja kumsalimia alioneshwa. Maelezo alitoa mwenyewe, pamoja na namba ya chumba.

Eid el-Hajj ya mwaka uliofuata nilisikia hodi. Mjukuu wake, kabeba sahani iliyofunikwa kawa. Moyo ukatulia, kumbe yameisha. Nikampokea kwa mikono miwili, nikafunua.

Tembele. La kuchemsha, na kipande cha ndimu pembeni.