Mabwawa ya jua au klorini: hesabu inayorukwa

Mji ukipanuka, mabwawa ya majitaka, ambamo jua husaidia kuua vijidudu badala ya klorini, ndiyo ya kwanza kulaumiwa kwamba yanakula ardhi. Ni kweli. Mji unaotoa mita za ujazo 10,000 kwa siku, maji yakikaa siku 15 kwenye mabwawa ya mwisho yenye kina cha mita 1, unahitaji hekta 15, matuta hayajahesabiwa. Tangi la kuyashikilia kwenye klorini kwa dakika 30 ni la mita za ujazo 210 tu. Penye viwanja ghali, hoja hiyo haikwepeki.

Ila klorini hukimbilia kwanza amonia iliyomo kwenye majitaka: kila miligramu ya naitrojeni ya amonia humeza klorini miligramu 8 hadi 10 kabla haijabaki klorini huru, ile iuayo vijidudu kwa nguvu. Mayai ya minyoo hayafi kwa dozi ya kawaida, bwawani yanazama. Kwa mkulima wa mpunga wa Mabogini, Moshi, anayeingia jarubani kwenye maji yatokayo mabwawani, tofauti hiyo ni afya yake.

Ukijani wa bwawa la mwisho, ambao ni mwani, nao husingiziwa kuwa uchafu. Mionzi ya jua ya urujuanimno, inayoua vijidudu, hufifia ndani ya sentimita chache; huko chini kazi inasaidiwa na mwani. Mchana hufyonza kaboni dayoksaidi, pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikapanda kupita 9, oksijeni ikajaa, na mwanga ukaigeuza oksijeni hiyo kuwa sumu kwa bakteria. Bwawa likifunikwa na magugu maji, yote hayo yanakufa.

Hesabu inayosahaulika ni ya mgawanyo. Kwa kanuni ya Marais, inayokadiria bakteria wanavyopungua bwawani, maji yakiwa nyuzi 25, bwawa moja la siku 15 hupunguza bakteria wa kinyesi mara 94. Ligawe matatu ya siku 5 kila moja, yakifuatana: mara 32 kwa 32 kwa 32, yaani takriban 33,000. Ardhi ni ile ile!

Sasa maji yakipata njia ya mkato, siku 5 za kila bwawa zikawa 2, upungufu unabaki mara 2,400 hivi. Hutokea bomba la kuingilia likitazamana na la kutokea, au tope likijaa pembeni. Siku isiyo na upepo, tupa machungwa machache penye kuingilia. Yakitokea upande wa pili jioni ile ile, jenga ukuta unaokatiza bwawa ukiacha mwanya mwisho wake, na wa pili wenye mwanya upande mwingine. Wengi huagiza klorini kabla ya kujaribu hilo.